Kusoma Riwaya na Kuambiana Maoni

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Rubafu, na karani mmoja wa masjala



Bwana Katibu ameniarifu kwamba maneno haya yatatiwa katika gazeti letu la chama, ili wenzetu wa Kishanje, Kaagya na mjini Bukoba, ambao hawakuweza kufika leo, wapate kuyasoma. Kwa sababu hiyo nimeyaandika, wala sisemi kwa kichwa tu. Nikikosea, naomba mnisahihishe kama tunavyosahihishana siku zote.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu mvua za vuli zilizopita baadhi yetu tumekuwa tukikutana jioni ya Jumamosi, mara mbili kila mwezi. Kila mmoja huwaambia wenzake riwaya anayoisoma, amefika wapi, na anaionaje. Ada hatuna. Vitabu vyetu ni vichache, na kimoja kimekwisha kupoteza jalada lake, tukakivika karatasi ya kaki ya ofisini. Sasa wako wanachama wanaouliza: Je, yafaa watu wazima, wenye dhamana za serikali, wakae jioni nzima wakizungumza habari za watu wasiokuwako duniani? Si afadhali tungezungumza habari za akiba na mikopo? Mkutano uliopita uliniamuru nijibu swali hilo. Nitajaribu.

Kwanza napenda tukumbuke kwamba jambo hili si geni kwa watu wa kazi yetu. Mwaka 1922, huko Tanga, Martin Kayamba, aliyekuwa karani wa serikali, alianzisha pamoja na wenzake chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika. Sisi tulio hapa ni wajukuu wa watu wale. Na Tanga ndiko alikozaliwa Shaaban Robert, mwaka 1909. Naye aliingia kazi ya serikali mwaka 1926, katika idara ya forodha, akaitumikia miaka mingi kwa kalamu, kama tuitumikiavyo sisi. Mchana aliandika mambo ya ofisi, na katika nafasi aliyobakiwa nayo akaandika vitabu. Tukikisoma Kusadikika, kilichochapishwa mwaka 1951, twamwona Karama amesimama mbele ya baraza la mfalme, ameshitakiwa kwa sababu ya kutaka watu wafundishwe sheria, naye ajitetea siku baada ya siku kwa maneno matupu, bila silaha yo yote. Mimi nilipokisoma mara ya kwanza nilisema moyoni: Mtu huyu amepata kukaa ofisini. Ajua jinsi mkubwa anavyosikiliza asichotaka kukisikia.

Basi, mtu akisema kwamba karani na riwaya hawana ujamaa, amewasahau wazee wake.

Pili, nitaeleza kwa ufupi tunayoyasema katika mikutano ile, ili asiyekuja asidhani twapiga soga tu.

Mwenzetu mmoja wa idara ya afya alikuwa akisoma Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960. Alisema kwamba kinachompendeza ni Bwana Msa, yule mpelelezi mwenye kiko, kwa kuwa watu wote wakiisha kusema kwamba mauti yameletwa na mzimu, yeye hurudi akatazama tena alama za miguu. Akaongeza kwamba tangu asome kitabu hicho, akienda kukagua duka hatosheki na mbele ya duka. Huomba aonyeshwe ghala. Mwingine akambishia, akasema kwamba kitabu hicho ni cha kupitisha wakati tu, wala hakina uzito. Wakabishana mpaka taa ikataka kuzimika. Nani alishinda sijui. Bali najua kwamba juma lile lile watu watatu waliandikisha majina yao wakingoja kukiazima.

Mwenzetu mwingine, ambaye kazi yake ni kilimo, alisimama siku moja akalalamika kwamba Rosa Mistika imeingizwa katika sanduku letu. Alisema kitabu hicho hakifai kuingia nyumba yenye mabinti. Nanyi mwajua kwamba si yeye wa kwanza kusema hivyo. Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, na kwa muda ilikatazwa kusomwa mashuleni. Bibi mmoja muuguzi akamwuliza kwa adabu, “Mzee, umefika ukurasa wa ngapi?” Akajibu kwamba hakupata kukifungua, ameambiwa na watu. Basi tukamwazima kwa majuma mawili. Aliporudi alisema maneno haya, nami nikayaandika: “Nilidhani kitabu hiki ni cha binti. Nimekuta ni cha baba.” Akatueleza jinsi Zakaria, baba yake Rosa, anavyokunywa pombe, na jinsi anavyodhani kwamba kumlinda mtoto ni kumpiga, asimwambie neno hata moja la kumfaa atakapokuwa mbali na nyumbani. Hakuyaacha mawazo yake yote; bado asema mtoto mdogo asipewe. Lakini yale aliyoyasikia sokoni ameyaacha, na sasa ana maoni yake mwenyewe. Mabwana, kwangu mimi hiyo ni faida, ijapokuwa haiandikwi katika daftari la akiba.

Sasa nitasema juu ya kosa letu, maana sikusimama hapa kutusifu tu.

Mara nyingi mtu akiulizwa maoni yake juu ya riwaya aliyoisoma, hujibu, “Ni nzuri, ina mafunzo,” kisha huketi. Ndugu zangu, jibu hilo twalijua sisi wa ofisini. Faili hutoka meza hii kwenda meza ile, na kila afisa huandika juu ya dokezo neno moja, “Nimeona,” akatia sahihi na tarehe. Faili huzunguka mwezi mzima, sahihi zikajaa ukurasa, na mwananchi aliyeleta shida yake hajapata jibu. Wote wameona, lakini hapana aliyesema aonavyo. Kadhalika na riwaya. Atakayesema “Ina mafunzo” amethibitisha tu kwamba kitabu kilipita mezani kwake.

Mimi mwenyewe nalifanya hivyo, na kitabu nilichokifanyia ni kile ambacho kingalinisaidia kuliko vyote. Habari hii ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama leo. Ni habari ya nyumbani kwangu. Nimemwomba mke wangu ruhusa ya kuieleza, naye amenipa. Yuko hapa, ameketi nyuma karibu na mlango.

Kitabu chenyewe ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Kabla sijaendelea nataka mjue kwamba mwandishi huyu si mgeni kwetu. Alizaliwa mwaka 1896, na masomo yake makubwa aliyapata katika Seminari ya Rubya, hapa hapa katika mkoa wetu, upande wa Ihangiro ambao leo ni wilaya ya Muleba. Tena masimulizi ya Wakerewe wenyewe yasema kwamba ukoo wa watawala wao, Wasilanga, ulitoka Ihangiro ukavuka ziwa. Mhaya akisikiliza Kikerewe husikia maneno mengi ya nyumbani kwake. Migomba, pombe ya ndizi, mitumbwi, samaki, mashauri ya wakwe: yote yaliyomo katika kitabu kile twayajua tangu utotoni.

Kitereza alimaliza kukiandika mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hakikuchapishwa. Wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache, na hapana aliyetaka kutoa fedha kukipiga chapa kitabu kikubwa namna ile kwa ajili ya kisiwa kimoja. Basi mzee yule akakaa akakifasiri chote kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe. Kilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Hesabuni: tangu 1945 hata 1980 ni miaka 35, yaani muda ambao mtumishi huajiriwa, akapanda madaraja, akastaafu. Mwaka uliofuata, 1981, Kitereza akafariki dunia. Baadaye kitabu chake kikafasiriwa kwa Kijerumani, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Akili hakupungukiwa nayo, wala bidii; alikosa wasomaji wa kusema, “Kitabu hiki twakitaka.” Hilo nalo ni jibu kwa wanaouliza mikutano yetu ina faida gani.

Sasa habari yangu. Nalipewa kitabu hicho zamu yangu ilipofika. Nikasoma sura za kwanza, kisha nikaanza kuruka kurasa. Jumamosi nikasimama, nikasema, “Ni kizuri, kina mafunzo ya mila zetu, illa kirefu mno, mambo ya kupika pombe yamezidi.” Nikaketi. Nilichosema kilikuwa kweli nusu. Sikukichoka kwa urefu wake. Nilikiogopa.

Maana kitabu hicho chahusu mume na mke wapendanao ambao hawajapata kuwa na mtoto. Ndugu za Myombekere wamshauri aoe mwingine, tena wamtolea Bugonoka maneno mabaya. Wazazi wa Bugonoka wakiyasikia hayo waja kumchukua binti yao, wakarudi naye kwao. Nami nilipokuwa nikisoma maneno hayo, mke wangu alikuwa kwao mwezi wa tano.

Tulikuwa tumeoana miaka minane. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, alikuja nyumbani akaniambia, “Mwanangu, mji wako umepoa. Mimi ni mzee, nataka kumwona mtoto wako kabla sijafumba macho. Tafuta mwingine.” Sikumjibu neno. Mke wangu alikuwa jikoni, akasikia. Tena alisikia kunyamaza kwangu, ambako kulimwumiza kuliko maneno ya shangazi. Juma lililofuata akaaga kwamba aenda kwao, upande wa Muleba, kumwuguza mama yake. Mama akapona, yeye hakurudi. Nikawa nikituma ujumbe kwa simu, na fedha kidogo kila mwisho wa mwezi, na barua mbili nilizoziandika vizuri sana, kwa maana kuandika ndiko kazi yangu.

Basi siku ile nilipoketi, alisimama mwalimu mmoja mstaafu, ambaye kitabu alikuwa amekisoma mara mbili. Akasema, “Bwana mdogo, umeziruka kurasa zenyewe. Zile habari za pombe ndizo kitabu. Myombekere hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe kwa wakwe zake, akakubali kuhukumiwa, akatozwa pombe, akarudi akaipika. Kila mgomba aliokata na kila tone alilokamua yasema kwamba mke huyu ana thamani. Mwandishi amelieleza jambo hilo polepole kwa sababu lenyewe halifanywi upesi.”

Akasimama na yule bibi muuguzi, akasema, “Mimi nilishangazwa na jambo jingine. Mume yule alibaki peke yake nyumbani, akaona taabu ya kupika na ya kuitunza nyumba. Hapo ndipo alipofahamu kazi ya mke wake. Nawauliza waume walio hapa, je, ni lazima mke aondoke ndipo aonekane?” Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Hapana mmoja katika wale aliyekuwa akinisema mimi. Shida yangu hawakuijua. Walikuwa wakitoa maoni yao juu ya kitabu. Na labda kwa sababu hiyo niliweza kuyasikia. Kama mwalimu angaliniita kando akanipa nasaha juu ya ndoa yangu, ningalimshukuru kwa adabu na kwenda zangu. Lakini yeye alimsema Myombekere, nami nikawa huru kusikiliza bila ya kujitetea. Nikarudi nyumbani, nikazisoma kurasa nilizoziruka. Nikasoma mpaka usiku wa manane.

Jumamosi iliyofuata sikuja mkutanoni, na Bwana Katibu aliniandikia kwamba sikutoa udhuru. Udhuru wangu autie leo katika kumbukumbu. Alfajiri nilipanda pikipiki hata Bukoba mjini, kisha basi la Muleba. Nilifika kwa wakwe zangu mchana. Wakanikaribisha, wakaniletea kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi yetu, tukakaa kimya kidogo. Kisha baba mkwe akaniambia, “Mwanangu, barua zako tumezipata zote. Zimeandikwa vizuri. Lakini tulikuwa tukikungoja wewe.”

Nilimwomba radhi yeye, na mama, na mke wangu mbele yao, kwa ajili ya kunyamaza kwangu. Pombe sikutozwa. Lakini mke wangu alitoa sharti moja: kwamba twende hospitali sote wawili. Maana watabibu wa leo watufundisha kwamba sababu ya kukosa mtoto yaweza kuwa kwa mke, yaweza kuwa kwa mume, yaweza kuwa kwa wote wawili. Nami miaka minane nilikuwa nimemwachia yeye peke yake vipimo, dawa na lawama. Nilikubali, tukaenda. Waliyotuambia huko ni yetu wenyewe.

Msitazamie niwaambie kwamba sasa tumepata mtoto. Hatujampata. Riwaya haifanyi kazi ya mganga, wala sikusimama kuuza dawa. Jambo ninaloweza kulishuhudia ni kwamba mke wangu yupo nyumbani, na kwamba shangazi nilikwenda kumjibu, kwa upole lakini kwa maneno yanayosikika. Alikasirika miezi miwili. Juzi alitutumia mkungu wa ndizi.

Mabibi na mabwana, hilo ndilo jibu langu kwa wanaouliza faida. Mtu akisoma peke yake aweza kuziruka kurasa zinazomhusu. Moyo una hila, nao hujua pa kuruka. Akija kati ya wenzake wanaosema waonavyo, kurasa zile hurudishwa mbele yake. Kwa hiyo si kusoma tu ndiko kunakofaa, bali kusoma na kuambiana.

Nakaribia kumaliza. Naomba mkutano huu ukubali mambo matano, ili mazungumzo yetu yawe na utaratibu.

La kwanza, atakayetoa maoni ataje kwanza amefika ukurasa gani. Ambaye hajakifungua kitabu asikihukumu, bali ajiandikishe kukiazima.

La pili, asiseme “ni nzuri” au “ni mbaya” bila ya kutaja mahali palipompendeza au palipomchukiza, na kwa nini.

La tatu, asieleze mwisho wa hadithi mbele ya ambao hawajaufikia. Mnaona kwamba nami leo mwisho wa Rosa na mwisho wa Bugonoka nimeuacha mahali pake.

La nne, tubishane na maoni, tusibishane na mtu, wala cheo. Jioni ile afisa na mhudumu ni wasomaji wawili tu. Na linalosemwa pale juu ya mambo ya nyumbani kwa mtu lisitoke pale, isipokuwa mwenyewe akitaka kulitoa, kama nilivyofanya mimi.

La tano, wake na waume wa wanachama waruhusiwe kuja. Tumekuwa tukizungumza habari za Bugonoka na Rosa katika chumba chenye wanaume kumi na wanawake wawili. Naona haya kuisema hesabu hiyo, lakini ndiyo iliyo katika daftari la mahudhurio.

Juu ya akiba na mikopo, sina neno la kupinga. Zamu yake ipo, ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, nami huhudhuria. Lakini mtumishi hapungukiwi na fedha tu. Hupungukiwa pia na maneno ya kusema wakati wa kusema, nami nimeyakuta baadhi yake katika vitabu vya watu wa ziwa letu hili.

Mwisho, naarifu kwamba nakala ya Kitereza nimeirudisha sandukuni jana, jalada lake nimeligundisha upya. Anayefuata katika daftari ni Bwana Katibu mwenyewe. Naomba asiruke habari za pombe.